Dini ya Siku Sita: Habari za Imani Katika Milima ya Upare

Watu wengi wakiulizwa habari za kuingia kwa Ukristo katika Upare huhesabu nyumba za ibada. Husema, kanisa la mahali fulani lilijengwa mwaka fulani, na mchungaji wake wa kwanza alikuwa fulani. Habari hizo ni njema, wala hatuzidharau. Lakini siku ya ibada ni moja, na juma lina siku saba. Waluteri na Wakatoliki husali Jumapili, na ndugu zetu Waadventista Wasabato husali Jumamosi. Nao wote hubakiwa na siku sita za jembe, soko, maji na baraza. Mwenye kutaka kujua kama imani imeingia kweli katika nchi, na aulize habari za siku sita hizo. Katika maneno haya machache twataka kuonyesha kwamba Injili ilishika mizizi katika milima yetu mahali pale ilipoingia katika mambo ya kila siku: kwenye kitanda cha mtoto mchanga, katika kazi ya pamoja, wakati wa vita, na mbele ya serikali.

KUJA KWA INJILI

Milima ya Upare imesimama kati ya Kilimanjaro na Usambara. Upande wa kaskazini ziko Ugweno na Usangi, ambazo sasa zimo katika Wilaya ya Mwanga. Upande wa kusini ziko Suji, Chome, Mbaga, Gonja, Mamba na nchi nyingine za Wilaya ya Same, na juu yake kilele cha Shengena, chenye urefu wa meta 2,462. Chini, katika nchi kavu ya tambarare, uko mji wa Same, kando ya reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911.

Wamisionari wa Leipzig, ambao walikuwa wamekwisha kuanza kazi Uchagani mwaka 1893, walifika Shigatini katika Upare wa Kaskazini mwaka 1900. Baadaye kazi yao ikaenea hata kusini, Gonja, Vudee na Mbaga. Mwaka 1903 Waadventista wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda hadi Giti, wakajenga kituo wakakiita kwa lugha yao Friedenstal, maana yake Bonde la Amani. Hapo ndipo ulipoanza Uadventista katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Uislamu nao ulikuwa ukipanda mlimani kutoka njia za wafanya biashara wa tambarare. Kwa hiyo si ajabu katika Upare kuona watoto wa babu mmoja, huyu ni Mluteri, huyu ni Mwadventista, na yule ni Mwislamu, nao wote hukutana kwenye msiba mmoja.

Wageni hao hawakukuta nchi tupu. Wazee wetu walimjua Muumba, wakamwita Kyumbi. Walikuwa na watawala, na wahunzi waliofua chuma cha Ugweno kilichosifiwa mbali, na mifereji iliyopeleka maji mashambani. Tena walikuwa na adabu zao, na sheria zao za kusaidiana. Lakini walikuwa na hofu pia. Wamisionari wawili waliandika vitabu juu ya habari hizo. Jakob Janson Dannholz, Mluteri aliyekaa Mbaga, alitoa chake mwaka 1916. Ernst Kotz, Mwadventista, alitoa chake mwaka 1922. Kila mmoja alichagua jina la kitabu lenye maana ya kufungwa: kimoja kilisema habari za watu waliofungwa na imani ya mizimu, na kingine habari za watu waliofungwa na hofu. Sisi twaweza kusema kwamba walitazama kwa macho ya wageni, na kwamba mengi mema hawakuyaona vizuri. Hata hivyo hofu ile hawakuibuni. Wazee wenyewe waliijua.

KITANDA CHA MTOTO

Katika Upare wa zamani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ambaye kwa Kiswahili huitwa kigego, hakuruhusiwa kuishi. Mapacha nao walihesabiwa kuwa kisirani, na vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Karibu na Mbaga liko jiwe kubwa liitwalo Malameni, na hata leo wageni huonyeshwa jiwe hilo kuwa ni mahali walipotupwa watoto wa namna hiyo.

Msidhani kwamba wazee wetu hawakupenda watoto. Mama wa Kipare alilia kama anavyolia mama wa nchi yo yote. Lakini aliambiwa kwamba mtoto huyu akiishi baba yake atakufa, au babu yake, au ukoo mzima utapatwa na msiba. Basi mmoja alitolewa ili wengi wapone. Kilichoua ni hofu, wala si chuki.

Sasa fikirini jambo lililomkabili mtu wa kwanza kuamini. Siku ya ubatizo alisimama mbele ya watu, akajibu maswali ya mchungaji, akaimba pamoja na wenzake. Hayo yalikuwa mambo ya saa moja. Miezi ikapita, mtoto wake akaanza kutoa jino, nalo ni la juu. Mama mkwe huingia, hutazama kinywa cha mtoto, hunyamaza. Nyumba nzima hujua maana ya kunyamaza kule. Mchungaji yuko mbali, wala hayumo chumbani usiku ule. Wazee watakuja asubuhi. Ndipo imani ya mtu yule ilipoulizwa swali lake la kweli, na jibu lake lilikuwa uzima au kifo cha mtoto.

Wala shida haikwisha kwa mtoto kuachwa aishi. Homa haikuondoka katika nchi kwa sababu watu wamebatizwa. Babu akifa mwezi uliofuata, wote walijua wamlaumu nani. Mama yule alikwenda kuteka maji, na wenzake wakamsogelea mbali. Alichukua lawama ile mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto alipokuwa mkubwa, akalima, akaoa, akazaa, na ukoo haukuisha. Tangu hapo jirani aliyepata mtoto wa namna hiyo aliweza kutazama upande wa pili wa bonde akamwona kigego aliye hai anachunga mbuzi. Hakuna mahubiri yaliyoshinda mahubiri hayo.

Ni kweli kwamba serikali nayo ilikataza kuua watoto. Lakini sheria huadhibu baada ya tendo, nayo haiwezi kukaa katika kila nyumba. Desturi hiyo ilikufa polepole, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ililazimika kuamua yenyewe.

Mambo haya si ya Upare peke yake. Katika mji wa Roma wa zamani baba alikuwa na ruhusa ya kumtupa mtoto asiyemtaka, na Wakristo wa kwanza walijulikana kwa kukataa desturi hiyo. Na huko Calabar, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, mapacha waliuawa kwa hofu iliyofanana na ile ya kwetu. Mwanamke mmoja wa Scotland, Mary Slessor, alifika huko mwaka 1876, akawaokoa mapacha wengi na kuwalea nyumbani mwake mpaka alipokufa mwaka 1915. Katika nchi hizo zote imani ilipimwa kwanza kwa mtoto asiyeweza kujitetea.

JEMBE NA MAJI

Waswahili husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sisi Wapare twalijua neno hilo vizuri, kwa maana pembe ikilia mlimani hutangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Neno hili msaragambo limetoka kwetu likaingia katika Kiswahili cha nchi nzima. Asiyekwenda katika kazi hiyo bila udhuru hutozwa faini; na kabla ya faini huona haya, kwa kuwa majirani wamekwisha kumhesabu.

Kazi moja kubwa ya namna hii ni ndiva, yaani malambo ya kukusanyia maji ya vijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe na kupelekwa mashambani kwa zamu. Ndiva hujaa tope, nayo haina budi kuzolewa. Mifereji hubomoka, nayo haina budi kuzibwa. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Lakini zamani kazi ya maji ilikwenda pamoja na sadaka za mizimu, maana maji yalikuwa ya ukoo, na wazee waliokufa walihesabiwa kuwa wenye maji.

Hapo Mkristo alipata shida. Akienda katika sadaka amevunja kiapo chake. Akikaa nyumbani amewaacha jirani zake na tope lao, naye kesho atataka maji yale yale. Wako waliofikiri kwamba kujitenga ndiyo dini safi. Lakini mtu anayekula mahindi yaliyonyweshwa kwa jasho la wengine, huku akisema yeye ni mtakatifu, ni nani atakayetaka dini yake? Njia iliyokuwa bora ilikuwa ya yule aliyewaambia wazee kwa heshima, “Baba zangu, katika sadaka hamtaniona, lakini katika kazi nitakuwa wa kwanza,” kisha akafika na jembe kabla ya jua kuchomoza. Mtu wa namna hiyo wazee walimsikiliza, hata kama hawakumkubali. Ndiva hazikufa kwa kuja kwa dini mpya. Ziko zinazotumika hata leo, na tope lake huzolewa na Wakristo na Waislamu waliosimama pamoja.

Tena lilikuwako jambo la pombe. Kwa desturi mwenye kuwaita watu shambani kwake aliwapikia dengelua, pombe ya miwa. Waadventista hawanywi pombe kabisa, na wengi wa Waluteri walifundishwa kujihadhari nayo. Je, asiyepika pombe atasaidiwa na nani? Lakini chungu cha makande yaliyoiva vizuri hakijapata kumfukuza mlimaji aliyechoka. Huenda mwanzoni walikuja wachache. Hata hivyo aliyekwenda kwa moyo mweupe katika mashamba ya wengine hakuachwa peke yake katika la kwake.

Na siku je? Kijiji chenye Waislamu, Waadventista na Waluteri hakiwezi kuita watu kazini adhuhuri ya Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili, bila kumnyima mtu siku yake ya sala. Basi watu wa kijiji hulazimika kuketi na kupatana. Jambo hili ni dogo, lakini limewafundisha Wapare kuheshimiana kuliko mahubiri mengi. Kwa msaragambo uo huo zimejengwa barabara, shule, zahanati na nyumba za ibada. Mawe ya makanisa mengi ya milimani yalibebwa kichwani na watu ambao mikono yao ilikwisha kuzoea tope la ndiva.

WALIMU WALIPOBAKI PEKE YAO

Mwaka 1914 vita ya Ulaya iliingia katika nchi yetu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kando ya milima, yakafuata reli na mto Pangani, na Wajerumani wakarudi nyuma. Watu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na wengi hawakurudi. Njaa na magonjwa vilifuata. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa mmoja mmoja. Wale wa mwisho wa Leipzig walifukuzwa nchini mwaka 1920. Waluteri wa Marekani wa sinodi ya Augustana hawakuja kuwasaidia mpaka mwaka 1922, na wa Leipzig walianza kurudi mwaka 1925. Kwa Waadventista nao ilikuwa vivyo hivyo, mpaka baada ya vita walipokuja wenzao wa Kiingereza.

Katika miaka hiyo ni nani aliyeshika kazi? Ni walimu Waafrika na wazee wa sharika. Fedha hazikutoka Ulaya tena. Vitabu vilikuwa vichache, maana Agano Jipya zima katika lugha ya Chasu lilitolewa mwaka 1922. Watu waliokuwa wamebatizwa walikuwa wachache katikati ya umati mkubwa. Mtu mwenye akili ya kuhesabu angesema kwamba mti huu mchanga utakauka. Lakini haukukauka. Wamisionari walipofika tena walikuta watu wanasali na watoto wanafundishwa.

Sisi twadhani sababu ni ile tuliyoieleza juu. Kama dini ingekuwa kitu cha kituo cha misheni tu, ingefungwa siku kituo kilipofungwa. Lakini mama aliyekwisha kumlea kigego hakuhitaji mzungu wa kumwambia anaamini nini. Mtu aliyekwisha kukataa sadaka mbele ya baba zake, naye akashika jembe pamoja nao, alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Wajerumani walipokamatwa mara ya pili, vita vya mwaka 1939 vilipoanza, sharika za Upare zilikwisha kujua jinsi ya kusimama.

HABARI ZA MBIRU

Jaribu lingine lilikuja mbele ya baraza la serikali. Katika miaka ya vita ya pili serikali ya Kiingereza iliamua kuweka katika Upare kodi mpya juu ya ile ya kichwa. Kodi hiyo ilipimwa kwa mali ya mtu, nayo ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa zamani uliotolewa kwa watawala. Watu hawakuelewa mali ilivyopimwa. Mtu mwenye ng'ombe wachache aliandikiwa kodi kubwa, na mwingine mwenye mali zaidi aliandikiwa ndogo, wakaona upendeleo. Hawakusema kwamba hawataki kulipa kodi yo yote. Walisema kwamba hawaitaki kodi isiyo na kipimo cha haki.

Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaenda Same, kwenye makao ya Bwana Shauri, wakakaa huko. Hawakushika silaha. Walikaa chini wakangoja jibu. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Paulo Mashambo. Siku zikawa majuma, majuma yakawa miezi. Wanawake walipeleka chakula, wakatembea kwa miguu kutoka milimani hadi mjini ili kuwatia waume zao nguvu. Na kule Usangi, mwaka 1946, wanawake walitoka kwa wingi wakamkabili ofisa wa serikali, wakamtaka kwa maneno makali aseme waume zao watarudi lini. Mwishowe serikali ikaiondoa kodi ile. Mwaka uo huo wa 1946 ukaundwa Umoja wa Wapare. Mwanahistoria Isaria Kimambo, naye mwenyewe Mpare, aliandika habari hizi katika kitabu kilichotolewa mwaka 1971.

Hatusemi kwamba Mbiru ilikuwa kazi ya kanisa. Waliokaa Same walikuwa watu wa kila dini, na wengine hawakuwa na dini ya kitabu. Lakini waliosoma katika shule za misheni walikuwamo, nao ndio walioweza kuandika barua na kuzisoma zilizojibiwa. Swali lao lilikuwa gumu. Mkristo amefundishwa kuitii serikali. Tena amefundishwa kwamba Mungu huchukia mizani ya udanganyifu. Akinyamaza amemwacha jirani yake adhulumiwe. Akipigana amemwaga damu. Wapare walichagua njia ya kuketi. Mgawanyo wa misheni, Waluteri huku na Waadventista kule, haukuwazuia kuketi bega kwa bega. Waliozoea kukutana katika tope la ndiva hawakuona taabu kukutana katika vumbi la Same.

MAFUNDISHO KWETU

Leo mji wa Same umekuwa makao ya Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na ya Jimbo Katoliki la Same lililoundwa mwaka 1977. Waadventista nao wanayo makao yao huko. Kengele hulia karibu kila kilima. Wazee wetu walisali katika vibanda vya nyasi, na sisi twasali chini ya mabati. Lakini siku sita hazijapungua hata moja.

Basi na tujiulize. Zamu ya maji ikiwa ya jirani, nawe wajua hakuna atakayeona usiku, je, mfereji utaufungua? Mjane wa ndugu yako, je, amebakiwa na shamba lake, au baraza la ukoo limekwisha kumwondoa kwa maneno matamu? Kibarua aliyelima tangawizi yako, je, alipewa fedha yake jioni ile, au ameambiwa aje kesho, na kesho kutwa? Pembe ya msaragambo ikilia, je, wewe mwenye cheo kanisani hufika na jembe, au hutuma udhuru?

Na zaidi ya yote, tujiulize habari za mtoto. Jiwe la Malameni sasa ni la kutazamwa na wageni tu, na twamshukuru Mungu kwa jambo hilo. Lakini bado ziko nyumba ambamo mtoto mwenye ulemavu hufichwa katika chumba cha ndani, hapelekwi shule wala hospitali, na siku ya ibada majirani hawamwoni, kwa sababu wazazi wanaogopa maneno ya watu. Hofu ile ya zamani imebadili nguo. Mama wa kwanza aliyemtazama kigego wake akasema, “Huyu ataishi,” hakuwa na kanisa la mabati, wala kwaya, wala dayosisi. Sisi tunavyo hivyo vyote. Basi mtoto yule aliyefichwa na atolewe nje, achukuliwe kwa mkono hata shuleni, na majirani waone.